Alama 12 au 7? Mwongozo wa kuendesha vikao vya MEWAKA kuhusu upimaji shuleni

Chukua insha moja ya mwanafunzi wa Darasa la Saba, itoe nakala, wape walimu watatu wa Kiswahili waisahihishe kila mmoja peke yake. Mmoja atatoa 12 kati ya 15, wa pili 9, wa tatu 7. Wote ni walimu wazuri na wote wana cheti. Mzazi anayepokea ripoti mwisho wa muhula hajui kwamba alama ile ilitegemea daftari liliangukia meza ya nani.

Tatizo hili haliponi kwa semina ya siku moja ukumbini, yenye chai, posho na slaidi. Kinachosaidia ni walimu wa shule moja kukaa meza moja, mbele yao karatasi za wanafunzi wao wenyewe, na kubishana kwa utaratibu. Bahati nzuri nafasi hiyo tayari ipo. Mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, MEWAKA, unaitaka kila shule iwe na jumuiya za ujifunzaji zinazokutana shuleni, na baadaye walimu wa shule jirani wakutane kwenye kituo cha walimu cha kata. Moduli za Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) zinapatikana kwenye mfumo wao wa kujifunzia mtandaoni. Shule nyingi hukutana, zikasaini mahudhurio, zikasoma moduli kwa sauti na kutawanyika. Mwongozo huu umeandikwa kwa mwalimu wa taaluma au mratibu wa MEWAKA anayetaka vikao hivyo vizae kitu katika jambo moja tu: upimaji.

Hesabu muhula mmoja, vikao vya saa moja na nusu, mara moja kila wiki mbili. Mifano mingi hapa ni ya shule ya msingi, ila mwalimu wa sekondari hatapotea.

Kabla ya yote: masharti

Zungumza na mwalimu mkuu faragha kabla hujatangaza kikao chochote. Mwombe jambo moja na uhakikishe amelikubali waziwazi mbele ya walimu: kitakachoonekana kwenye kikao kisitumike kumwandikia mtu barua wala kisiishie kwenye PEPMIS ya mtu, ule mfumo wa serikali wa kupima utendaji wa watumishi. Mwalimu akihisi kwamba karatasi zake zinakaguliwa, ataleta zile nzuri tu, na hapo kikao kimeshakufa. Sharti la pili: majina ya wanafunzi yafunikwe. Andika namba. Mwalimu akijua karatasi ni ya mtoto wa mwenyekiti wa kamati ya shule, au ya yule mtundu wa dawati la nyuma, mkono wake hauandiki tena kwa uhuru.

Kama shule yako ina mwalimu mmoja tu wa Hisabati kwa madarasa ya juu, usilazimishe kikao cha mtu mmoja. Muunganishe na wenzake wa shule jirani kupitia Afisa Elimu Kata. Shule zinazofanya mitihani ya ujirani mwema, ile ya pamoja kati ya shule jirani, tayari zina njia ya kupitia.

Hatua ya 1. Leteni mtihani wa muhula uliopita

Kila mwalimu aje na mtihani mmoja aliotunga mwenyewe, muhtasari wa somo na daftari la mwanafunzi yeyote wa darasa hilo. Daftari lina kazi yake, utaiona.

Pitieni swali kwa swali mkijiuliza: mwanafunzi aliyekariri daftari hili tu, asiyeelewa kitu, atalipata? Kama ndiyo, andika K pembeni, yaani kukumbuka. Kama swali linamtaka atumie alichojifunza kwenye hali ambayo hajaiona, andika T. Kama linamtaka alinganishe, atoe sababu au aamue jambo kwa hoja, andika F, kufikiri kwa kina.

Najua kuna ngazi sita za Benjamin Bloom, za mwaka 1956 na zilizorekebishwa 2001: kukumbuka, kuelewa, kutumia, kuchanganua, kutathmini, kubuni. Wote tulizisoma chuoni. Kwa kikao cha saa moja na nusu, ngazi sita huzaa ubishi wa kama swali ni "kuelewa" au "kuchanganua", na saa inaisha. Herufi tatu zinatosha.

Sasa daftari. Chukua swali hili la Sayansi:

"Asha alipanda maharage katika makopo mawili. Kopo moja aliliweka dirishani, jingine ndani ya kabati. Yote aliyamwagilia maji sawa. Baada ya siku 10 miche ya kabatini ilikuwa mirefu, dhaifu na ya njano. Eleza sababu."

Ni F? Inategemea. Kama mwalimu aliandika ubaoni sentensi inayosema "mmea uliokosa mwanga hurefuka na kuwa njano", na sentensi hiyo imo kwenye daftari, swali ni K lililovaa kanzu. Kama darasani walijifunza tu kwamba mmea unahitaji mwanga kutengeneza chakula, swali ni F halisi. Ndiyo maana swali haliwezi kupangiwa ngazi bila kujua kilichofundishwa, na ndiyo maana mitihani ya kununua, ile inayosambazwa kwenye magrupu ya WhatsApp ikiwa na jedwali lake la mgawanyo wa maswali tayari, hupima kitu ambacho aliyeitunga hakijui.

Mwisho wa kikao hesabuni herufi. Mara nyingi K zitakuwa nyingi mno. Msilaumiane, andikeni idadi tu na mbaki nayo. Mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutumika Januari 2024 kwa baadhi ya madarasa, umejengwa juu ya umahiri: mwanafunzi aweze kufanya jambo, si kulitaja tu. Mtihani wenye K tupu unamwambia mwanafunzi kwamba maneno hayo ya mtaala ni ya kwenye karatasi.

Hatua ya 2. Jedwali la kutahini kabla ya swali la kwanza

Walimu wengi hutunga maswali kwanza, kisha hujaza jedwali la kutahini, lile linaloonyesha kila mada ina maswali mangapi na ya ngazi gani, ili lionekane kwenye faili mthibiti ubora wa shule akija. Geuzeni mpangilio. Kanuni ni rahisi: mada iliyochukua vipindi vingi ipate maswali mengi. Tuseme Hisabati Darasa la Sita, muhula una vipindi 30 vilivyofundishwa kweli (soma shajara ya somo, yenye kumbukumbu ya kilichofundishwa, usisome azimio la kazi, yaani mpango, peke yake), na mtihani utakuwa na maswali 25 ya alama 2 kila moja.

| Mada | Vipindi | Maswali | K | T | F |
|---|---|---|---|---|---|
| Sehemu | 12 | 10 | 3 | 5 | 2 |
| Jometri | 8 | 7 | 2 | 4 | 1 |
| Takwimu | 6 | 5 | 1 | 2 | 2 |
| Fedha | 4 | 3 | 1 | 1 | 1 |
| Jumla | 30 | 25 | 7 | 12 | 6 |

Kwa sehemu: 12 gawanya kwa 30, zidisha kwa 25, unapata 10. Kwa jometri unapata 6.67, inakuwa 7. Fedha 3.33, inakuwa 3. Mgawanyo wa K, T na F ni uamuzi wenu kama jumuiya. Huo niliouweka si sheria, ila nisingekubali K zizidi theluthi moja kwa madarasa ya juu.

Jedwali hili linafichua jambo ambalo halisemwi. Mada iliyopata vipindi 2 kati ya 8 vilivyopangwa, kwa sababu kulikuwa na mwenge, michezo ya UMITASHUMTA na mvua, haiwezi kubeba maswali 7. Ukiyaweka, unampima mwanafunzi kwa kitu ambacho hakufundishwa. Mtihani si mahali pa kufidia vipindi vilivyopotea.

Hatua ya 3. Kutunga, na hasa vipotoshi (majibu ya kuchagua yasiyo sahihi)

Hapa gawanyeni kazi: kila mwalimu atunge maswali matano nyumbani, kikao kiwe cha kuyakosoa. Maswali ya kujieleza yana matatizo machache yanayojulikana, na kubwa kuliko yote ni kitenzi kisichopimika. "Zungumzia umuhimu wa misitu" haisemi pointi ngapi wala za urefu gani. "Eleza faida tatu za misitu kwa wakulima wa kijiji chenu, kila faida kwa mfano mmoja" inasahihishika.

Maswali ya kuchagua ndiyo yanayohitaji muda. Watu hudhani ni rahisi kwa sababu kusahihisha ni rahisi. Tazama hili:

"Chombo kinachopima joto huitwa: A. rula B. mizani C. kipimajoto D. saa."

Hapo mwanafunzi hahitaji Sayansi, anahitaji masikio. Jibu limo ndani ya shina la swali. Makosa mengine ya aina hiyo: jibu sahihi kuwa refu kuliko mengine yote, "yote hapo juu ni sahihi" linapokuwa jibu kila linapotokea, na neno "si" lililojificha katikati ya sentensi bila kupigiwa mstari.

Linganisha na hili: ½ + ⅓ = ?

A. 2/5  B. 1/6  C. 5/6  D. 2/6

Jibu ni C. Lakini thamani ya swali imo kwenye vipotoshi. Aliyechagua A amejumlisha vya juu kwa vya juu na vya chini kwa vya chini. Aliyechagua B amezidisha. Aliyechagua D amepata kigawe kidogo cha shirika, 6, akasahau kubadilisha vya juu. Kila kosa limepewa mlango wake. Baada ya mtihani huulizi tu "wangapi wamekosa", unajua wamekosaje na Jumatatu ufundishe nini.

Njia ya kupata vipotoshi vizuri haihitaji ubunifu: fungua madaftari ya mazoezi ya muhula huu, kusanya majibu mabaya yanayojirudia. Wanafunzi wenyewe wameshakutungia.

Jambo la lugha, hasa kwa sekondari. Mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza aliyesoma miaka saba kwa Kiswahili anapokutana na swali la Fizikia lenye sentensi tatu ndefu za Kiingereza, alama anayokosa inaweza isiwe ya Fizikia. Fupisheni sentensi, wekeni mchoro, epukeni maneno ya mapambo. Na kwa mwanafunzi mwenye uoni hafifu, karatasi yenye maandishi yaliyokuzwa iandaliwe pamoja na nyingine, isiwe ya kukimbilia mashine asubuhi ya mtihani.

Hatua ya 4. Mwongozo wa kusahihisha uandikwe siku ileile

Siku ileile ya kutunga, si baada ya mtihani. Ukishindwa kuandika jibu la swali lako mwenyewe kwa dakika tano, swali lina kasoro.

Kwa Hisabati gawanyeni alama za njia na alama za jibu. Mfano: "Juma alinunua kilo 3 za sukari kwa shilingi 2,800 kila kilo. Alitoa noti ya shilingi 10,000. Alirudishiwa kiasi gani?" Alama 4: kuonyesha 3 × 2,800 alama 1, kupata 8,400 alama 1, kuonyesha kutoa kutoka 10,000 alama 1, kupata 1,600 alama 1. Sasa mwanafunzi amezidisha vibaya akapata 8,200, kisha akatoa sawasawa akapata 1,800. Mwalimu mmoja atampa 0 kwa sababu jibu la mwisho si sahihi. Mwingine atampa 3, kwa kuwa kosa ni moja tu na hatua zinazofuata ni sahihi kwa namba aliyokuwa nayo. Mimi niko upande wa 3. Nyinyi amueni, lakini mwamue pamoja na iandikwe.

Kwa insha ya alama 15 mnaweza kuanza na mgawanyo huu: muundo 3 (kichwa, utangulizi, kiini, hitimisho), maudhui 6, mtiririko 2, sarufi na tahajia 4. Kisha elezeni kwa maneno kila kiwango cha maudhui kina sura gani. "Alama 5–6: hoja tatu au zaidi, kila moja imeelezwa na kutolewa mfano. Alama 3–4: hoja zipo lakini angalau mbili zimetajwa tu bila maelezo. Alama 1–2: hoja moja, au hoja inayorudiwa kwa maneno tofauti." Hiyo ndiyo rubriki. Maneno kama "vizuri", "wastani" na "hafifu" yasiingie humo, kwa kuwa kila mmoja ana wastani wake kichwani.

Hatua ya 5. Kusahihisha pamoja

Kikao hiki ndicho moyo wa kazi yote. Kama mna muda wa kikao kimoja tu mwaka mzima, fanyeni hiki.

Chagua karatasi sita za insha: mbili za wanafunzi unaodhani wako juu, mbili za katikati, mbili za chini. Funika majina na alama yoyote iliyokwisha kuandikwa. Toa nakala, au kama mashine imeharibika (na huwa imeharibika) zungusheni karatasi zenyewe, kila mwalimu akiandika alama zake kwenye kikaratasi pembeni. Hakuna kuongea wakati wa kusahihisha. Hakuna kuchungulia. Mwalimu mwenye uzoefu mkubwa asitangaze alama yake kwanza, maana vijana watamfuata kwa heshima na kikao kitakuwa kimepima heshima.

Mratibu akusanye vikaratasi, aandike alama zote kwenye bangokitita, safu kwa safu. Tuseme karatasi ya nne imepata 6, 9 na 12. Anza na aliyetoa 12: "Mwalimu, tuonyeshe sehemu ya insha iliyokufanya utoe hizo." Aoneshe kwa kidole, mstari kwa mstari. Kisha aliyetoa 6 afanye vivyo hivyo. Mratibu asiruhusu sentensi kama "mimi naona tu". Kila alama iwe na mahali pake kwenye karatasi.

Mara nyingi chanzo hugunduliwa haraka. Aliyetoa 6 alikata alama kila palipo na kosa la tahajia, na mwanafunzi huyu ameandika "kura" kwa maana ya "kula" mara nane. Aliyetoa 12 aliona hoja nzuri na akapita. Suala la r na l hugawa walimu kila mahali ambapo lugha ya nyumbani haitofautishi sauti hizo. Kubalianeni kanuni, kwa mfano: kosa moja likijirudia linahesabiwa mara moja, na sarufi na tahajia kwa ujumla haziwezi kula zaidi ya alama 4 zilizotengwa. Iandikeni kwenye mwongozo wa kusahihisha palepale.

Mtego mkubwa hapa ni wastani. Mtu atasema: "6, 9 na 12, basi tumpe 9, tuendelee." Kataa. Wastani si maafikiano. Unaficha kwamba walimu wawili wanapima vitu viwili tofauti, na wiki ijayo watatofautiana tena kwenye karatasi nyingine. Kwa insha ya alama 15 tofauti ya 1 au 2 ni ya kawaida kati ya binadamu. Ikizidi 2, kuna kanuni inayokosekana na ni lazima itafutwe.

Mkimaliza sita, sahihisheni tatu nyingine kwa kanuni mpya. Tofauti zikipungua, mmepiga hatua. Zisipopungua, rubriki bado ina neno lenye maana mbili, litafuteni.

Kanuni chache za usahihishaji wa kawaida baada ya hapo. Sahihisha swali moja kwa darasa zima kabla ya kwenda swali la pili, kama inavyofanyika kwenye vituo vya usahihishaji vya Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) ambako msahihishaji hupewa swali lake au sehemu yake. Hii inazuia jibu zuri la swali la kwanza lisimbebe mwanafunzi hadi la kumi. Ukifika karatasi ya arobaini, rudi usome tena mbili za mwanzo, uone kama mkono umekuwa mzito au mwepesi. Na mwandiko mzuri hauna alama isipokuwa mmeupa alama kwenye mwongozo.

Hatua ya 6. Kuchambua majibu bila kompyuta

NECTA hutoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo, zikionyesha maswali yaliyofanywa vibaya na sampuli za majibu. Zisomeni, ni hazina ya bure ambayo shule nyingi haziifungui. Ila uchambuzi wa darasa lenu mnaufanya wenyewe, kwa kalamu.

Panga karatasi kuanzia alama ya juu hadi ya chini. Toa 20 za juu na 20 za chini, acha za katikati. Kwa kila swali, hesabu wangapi wa kundi la juu na wangapi wa kundi la chini wamelipata.

Swali la 7: juu 16, chini 5. Waliolipata ni 21 kati ya 40, yaani karibu 53 kwa mia, na tofauti ya makundi ni 11 kati ya 20. Ni swali zuri: gumu kiasi, na linatenganisha anayejua na asiyejua.

Swali la 3: juu 20, chini 19. Ni rahisi mno kutenganisha mtu, lakini usilifute kwa sababu hiyo. Kama linapima jambo la msingi ambalo kila mmoja alipaswa kulijua, matokeo hayo ni habari njema.

Swali la 12: juu 6, chini 11. Hili ni la kushtua. Wanaojua wanalikosa kuliko wasiojua. Angalia kwanza kama jibu lililoandikwa kwenye mwongozo ni sahihi. Kama ni sahihi, muulize mmoja wa kundi la juu alifikiri nini. Mara nyingi swali lina maana mbili na mwerevu ameiona ya pili. Swali la namna hiyo liondolewe kwenye jumla kabla alama hazijatangazwa.

Kwa maswali ya kuchagua, hesabu pia vipotoshi. Kama katika kundi la chini wanafunzi 13 wamechagua 2/5 kwenye lile swali la sehemu, huna sababu ya kurudia mada nzima ya sehemu. Una somo moja la kufundisha, kuhusu kwa nini vya chini havijumlishwi, na watoto 13 wa kukaa nao.

Darasa la wanafunzi 90 linachukua alasiri moja kwa uchambuzi huu, walimu wawili wakisaidiana. Hakuna kazi ya karatasi inayolipa kuliko hiyo.

Hatua ya 7. Kurudisha karatasi

"Jitahidi." "Ongeza bidii." "Vizuri sana." Mwanafunzi amekuwa akisoma maneno haya tangu Darasa la Kwanza na hayajawahi kumwambia afanye nini kesho. Kwa madarasa makubwa huwezi kuandika maoni marefu, kwa hiyo tumieni alama za siri ambazo wanafunzi wanazijua: H kwa hoja isiyo na mfano, M kwa muundo, T kwa tahajia. Andika herufi pembeni mwa mstari bila kusahihisha wewe. Kisha toa kipindi kizima, si dakika tano za mwisho, wanafunzi warekebishe wenyewe wakisaidiana wawili wawili. Karatasi irudi ndani ya wiki mbili. Ikizidi hapo, mtoto ameshasahau alifikiri nini alipoandika.

Hatua ya 8. Kiwango: A yenu ni A ya nani?

Kwenye mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, somo likiwa na alama 50, A huanzia 41, B 31, C 21, D 11, na chini yake ni E. Kidato cha Nne A huanzia 75 kwa mia, B 65, C 45, D 30, chini ya hapo F. Shule hunakili mipaka hiyo kwenye ripoti zake na kudhani kwamba zimeshika kiwango cha taifa. Hazijashika. Mpaka wa alama hausemi chochote kuhusu ugumu wa karatasi. Mtihani wa K tupu utatoa A nyingi kwa mpaka uleule wa 41. Kiwango kimo kwenye jedwali la kutahini, maswali na mwongozo wa kusahihisha, mahali ambapo hakuna anayeangalia matokeo yakibandikwa ubaoni.

Jaribio la kweli ni hili. Chukueni alama mlizowapa wanafunzi wenu Novemba iliyopita, mzilinganishe na walizopata kwenye upimaji wa kitaifa wa Darasa la Nne au Kidato cha Pili, mwanafunzi kwa mwanafunzi. Kama waliokuwa na B kwenu wameangukia D, msitafute visingizio kwa wasimamizi. Rudini kwenye mtihani wenu na mhesabu K.

Na tuseme wazi kuhusu kupika alama. Alama za upimaji endelevu zinapoingia kwenye matokeo ya mwisho ya mwanafunzi, kila mwalimu anahisi vidole vikimwasha, na wakati mwingine shinikizo linatoka juu yake. Vikao hivi humlinda. Mwalimu mwenye karatasi zilizosahihishwa na wawili na mwongozo uliosainiwa na idara ana jibu la kumpa yeyote anayemwomba "aangalie namna".

Kwa kazi za vitendo, kama bustani ya shule, uigizaji au mradi wa sayansi, tumieni orodha hakiki yenye vitendo vinavyoonekana kwa macho: "amepima nafasi kati ya mche na mche", siyo "anapenda kilimo". Mkoba wa kazi wa mwanafunzi uwe na kazi chache zenye tarehe, kuanzia ile mbaya ya mwanzo wa mwaka, ili maendeleo yaonekane.

Hatua ya 9. Faili

Faili la jumuiya liwe na vitu vinne: jedwali la kutahini, mtihani na mwongozo wake kama ulivyorekebishwa, karatasi za alama za kikao cha Hatua ya 5, na sampuli tatu za kazi za wanafunzi kwa kila kiwango, majina yakiwa yamefunikwa. Hizo sampuli ni za mwalimu mgeni atakayeripoti Julai akiuliza C ya shule hii inafananaje. Mahudhurio yenye saini yawepo pia, mthibiti ubora atayaulizia.

Kikao cha kwanza cha muhula unaofuata kianze kwa karatasi tatu mlizokwisha kusahihisha pamoja. Zisahihisheni upya bila kutazama alama za awali. Mkitofautiana tena kwa zaidi ya 2, rudieni Hatua ya 5 kabla mtu yeyote hajatunga mtihani mpya.